Kayamba Nyuma ya Mgongo

Mkunya, Newala
2 Juni 2024

Rahima,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Mimi mzima. Magoti yananisumbua, lakini hayo siyaandikii barua.

Usiulize kwa nini sipigi simu. Wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya nje, na mama mkwe wako yupo hapo pembeni anachambua mchicha kwa vidole na maneno yangu kwa masikio. Nitaandika. Nilisoma kisomo cha watu wazima nikapewa cheti, kiko sandukuni chini ya kanga, na mkono huu haujasahau. Christopher, dereva wa ile Noah ya abiria, atakushushia mzigo hapo barabarani Chiungutwa. Mpe maji ya kunywa, asije akatangaza Newala nzima kwamba mjukuu wangu hana adabu.

Sasa sikiliza. Tangu nirudi kutoka huko kwenu kwenye Idi sijatulia. Mume wangu Salmini, huyo mwanao uliyempa jina la marehemu babu yako, anakaribia miaka miwili na hasemi hata "mama". Nilipokuuliza ukasema watoto wa kiume huchelewa. Mkweo Mama Ashiru akasema ni kimeo, kimerefuka kikamziba koo, na yule mkata vimeo anayezunguka vijijini akipita atamkata, mtoto atasema. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilikuwa natafuna pilau yake. Leo sitafuni pilau ya mtu. Nasema hivi: mtoto hatiwi kisu kooni mpaka tujue kwa nini hasemi.

Mimi naona hana cha kusemea. Nyumba yenu ina majembe, ndoo na redio. Mtoto anachezea kifuniko cha soda, atakiambia nini kifuniko? Kwa hiyo nimefungua sanduku la zana la babu yako nikamchongea vitu. Ndiyo, mimi. Najua kwetu mwanamke hufinyanga na mwanamume huchonga. Abrahamu, huyu jirani aliyekuwa akichonga pamoja na babu yako, kapita uani akanikuta na tezo mkononi. Akasema, "Mama Dadi, umeanza kuota ndevu?" Nikamwambia nimeanza, niazime wembe.

Kuna kayamba, kichwa cha mti chenye mpini, na kuna cha pili ambacho mtakijua mkikiona. Kayamba nimeitoboa kwa chuma cha moto, nikatia kokoto, nikaziba kwa kijiti nilichokikausha juu ya moto siku nzima. Kijiti kikavu kikishapigwa nyundo kikaingia, kikivuta unyevu kinavimba, hata uking'oe kwa jino hakitoki. Kwa hiyo usiogope kokoto. Nimesugua kwa majani ya msasa mpaka viganja vyangu vimekuwa laini kama vya karani, kisha nikapaka mafuta ya ufuta. Atie mdomoni apendavyo.

Mpe, halafu niandikie anafanyaje. Usiniandikie "amefurahi". Kufurahi si jibu. Andika anachofanya.

Bibi yako,
Somoe


Chiungutwa, Masasi
11 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Mzigo umefika na Christopher amekunywa maji vikombe viwili, ametosheka. Sisi hatujambo. Ashiru anakuamkia. Mama mkwe naye anakuamkia, na simwambii ulivyomwandika.

Tumeshukuru sana kwa kayamba na kwa kile kiatu cha mbao. Ni kizuri, ila ni cha mguu mmoja tu, tukasema labda cha pili kinakuja.

Umeniambia niandike anachofanya. Kayamba nilimtikisia mbele ya uso, akautazama mkono wangu unavyokwenda, akacheka, akaichukua. Lakini haitikisi kama watoto wengine. Anaishika kwa mikono miwili, anauma mpini, na ikishabanwa na meno ndipo anaitikisa, macho kayafumba. Anakaa hivyo mpaka udenda unamfika tumboni. Nikimpokonya anapiga teke.

Mama mkwe anasema hiyo ndiyo dalili, koo linamwasha. Mkata vimeo hupita huku korosho zikianza kuanguka, kwa hiyo bado kuna muda. Bibi, usinikasirikie. Mama amelea watoto sita na wote wanasema, tena wanasema sana.

Mjukuu wako,
Rahima


Mkunya
20 Juni 2024

Rahima,

Kile si kiatu. Ni bata. Ana mdomo, ana mkia. Mtu aliyeona viatu vingi kuliko bata ndiye atakayesema ni kiatu.

Nimemwonyesha Abrahamu maneno yako kwa hasira, naye mjinga akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama Dadi, mjukuu wako ana macho." Basi nimechonga bata mwingine ili mfunge midomo. Huyu ana magurudumu na kamba ya kuvutia. Gurudumu likizunguka, linainua kijiti, kijiti kinaanguka kwenye mgongo wa bata: ka, ka, ka. Nimetumia ule mti mweupe mwepesi wanaochongea vinyago vya mapiko, vile wanaume wanavyovaa kwenye ngoma ya jando. Abrahamu alipouona akavua kofia. "Mti huo mwanamke haushiki." Nikamuuliza, umewahi kuniona nauogopa? Akasema hapana. Mti nao, nikamwambia, haujaniogopa. Akakaa chini akanisaidia kutoboa ekseli, lakini aliangalia kwanza kama kuna mtu njiani.

Sasa jambo la meno. Limenikaa. Meno ya mwisho yanaota? Mtazame fizi kwa kidole kisafi. Kama hayaoti, mtoto anauma nini? Mtoto akipewa kayamba huitikisa aisikie. Huyu wako anaitikisa kwenye mifupa ya uso. Sielewi, na mimi kitu nisichokielewa silali nacho.

Mpe bata. Bata, nimesema.

Somoe


Chiungutwa
7 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa. Tuko kwenye kupulizia mikorosho, dawa ya salfa mpaka kwenye ugali. Leo ndiyo nimepata kukaa.

Fizi nimetazama, meno yote yametoka.

Bata ni bata, hata Mama amekiri. Watoto wa jirani wanamvuta uwanja mzima wakipiga kelele ka ka ka. Salmini hamvuti. Anamlaza chali, anazungusha gurudumu kwa kidole, na kiganja cha pili kakiweka tumboni kwa bata, kama mtu anayempima homa. Ashiru akimvuta bata kwenye baraza la saruji, Salmini anakimbia anajilaza kifudifudi, shavu chini sakafuni, anatulia kabisa. Akimvuta mchangani, Salmini anaondoka zake. Tumejaribu mara nyingi. Sarujini anakuja, mchangani haji.

Ashiru anacheka, anasema mwanawe atakuwa fundi wa magari. Mimi nilicheka kwanza. Sasa nikimwona amelaza shavu pale chini, nasimama tu namwangalia. Unaona nini, Bibi?

Rahima


Mkunya
15 Julai 2024

Rahima,

Barua yako nimeisoma nikaenda nayo shambani kuchimba mizizi ya ming'oko, nikarudi bila ming'oko.

Kumbuka siku ya Idi. Lile sinia la vikombe lilimponyoka Mama Ashiru mlangoni. Kuku wote waliruka. Mimi nilimwagia chai kanga mpya. Wewe ulipiga yowe. Salmini alikuwa amechuchumaa anatazama siafu, hakuinua hata kichwa. Wote tukasema, mtoto huyu jasiri.

Mimi sasa sitaki ujasiri. Nataka kujua masikio yake. Huenda nimekosea, na nitafurahi kukosea, ingawa sijazoea. Lakini kama ni masikio, basi huyo mkata vimeo atamchinja koo bure, mtoto abaki na kidonda na ububu wake pale pale. Niliwahi kuona mtoto hapa Mkunya aliyekatwa, alitokwa damu mpaka asubuhi ya pili. Sitaki kuandika zaidi.

Fanya hivi. Mkalishe. Mpe bata ashughulike. Wewe nenda nyuma ya mgongo wake asikuone, utikise kayamba. Usimguse, usimwite mtu, usicheke. Akigeuka, niandikie. Asipogeuka, niandikie upesi zaidi. Na mama mkwe wako usimwambie chochote mpaka tujue.

Somoe


Chiungutwa
28 Julai 2024

Shikamoo Bibi yangu kipenzi,

Amegeuka! Nimetikisa, akageuka papo hapo. Nikangoja asahau, nikatikisa tena, akageuka tena akanicheka. Mara ya tatu nilimwita Ashiru ashuhudie, na ikawa vile vile. Bibi, nililia kwa furaha. Masikio yake mazima.

Najua ulinikataza, lakini furaha haina kufuli, nikamwambia Mama. Akasema, "Si nilikuambia? Masikio anayo, kilichobaki ni koo." Mkata vimeo yuko Masasi sasa hivi, hatangoja korosho. Ashiru amekubali aje Ijumaa ya katikati ya Agosti. Mimi nimekubali pia. Naogopa damu, lakini naogopa zaidi mwanangu aingie shule hana hata neno.

Usihuzunike kwamba ulikosea. Bata anapendwa.

Rahima


Mkunya
1 Agosti 2024

Rahima,

Nimekosea, basi nimekosea. Hivyo ndivyo nilivyosema nilipomaliza kusoma. Nikakunja karatasi, nikapika, nikala. Abrahamu akaja akasema, "Mama Dadi, leo umenyamaza, nani kafa?" Nikamsomea. Akasema, "Alhamdulillahi ya kwenu, na sisi tunasema Bwana asifiwe. Mtoto anasikia."

Usiku umepita. Asubuhi nikajiuliza: kama anasikia, kwa nini alilaza shavu sakafuni?

Nijibu: ulipotikisa kayamba, mlikuwa mmekaa wapi?

Nakujua. Nyumba yenu haina kiti kizima. Nina hakika ulimkalisha kwenye kile kitanda cha kamba cha uani, na wewe ukapanda ukapiga magoti nyuma yake.

Nikasema nisiandike nadharia, nijaribu. Nimejaza pamba masikioni mpaka dunia ikazimika. Nimekaa kwenye kitanda changu cha kamba, nikamwambia Abrahamu apande nyuma atikise kayamba, nami nitainua mkono nikijua. Rahima, nilijua kila mara! Masikio yameziba, lakini kamba zinatikisika, mtu ukitikisa mkono mwili wote unacheza, na kitanda kinakuja kukuambia kwenye makalio. Niligeuzwa na makalio. Kisha nikakaa chini mchangani, pamba zikiwa zile zile. Abrahamu akatikisa mpaka akachoka, na mimi nikawa nangoja aanze. Jirani yetu mmoja kapita akatukuta, mimi na masikio ya pamba, mzee mzima nyuma yangu anatikisa kayamba. Sijui atasema nini kisimani, na sitauliza.

Kwa hiyo jaribio lako halijajaribu kitu. Rudia. Mkalishe mchangani. Simama mbali. Jua liwe mbele yako, kivuli chako kisimwendee. Kisha uandike.

Na huyo mwenye kisu asiguse mtoto.

Somoe


Mkunya
14 Agosti 2024

Rahima,

Noah ya Christopher imevunjika springi, iko gereji Masasi, na nimesikia leo tu kwamba barua yangu ya tarehe mosi imo ndani, kwenye kidroo cha mbele, haijashuka. Keshokutwa ni Ijumaa. Nimewaomba watu watatu wakupigie simu, inasema haipatikani. Siku moja ninapoitaka, haipo.

Abrahamu anakuja na bodaboda. Kumbukumbu ya barua anayo kichwani na pamba anazo mfukoni. Msikilizeni, hata akianza na habari za mbali, atafika. Mpeni kitanda cha kamba awaonyeshe.

Nimemwambia asipofika nitavaa kinyago nimfuate.

Somoe


Chiungutwa
17 Agosti 2024

Kwa Bibi Somoe,

Shikamoo Bibi. Mimi si mwandishi. Rahima amesema niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa mkata vimeo.

Mzee Abrahamu alifika Alhamisi jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Alieleza, na Rahima akakiri kwamba siku ile walikaa kwenye kile kitanda cha kamba. Alitulaza na kutukalisha kwenye kitanda kila mtu kwa zamu, na pamba masikioni, hata mama yangu. Mama alisema huo ni mchezo wa watoto. Mimi, nisikufiche, nilikasirika. Niliona mnatuambia hatumjui mwanetu.

Ijumaa asubuhi mgeni akafika mapema, akakaa barazani na kitambaa chake mapajani, akaletewa chai. Mimi nikambeba Salmini nikazunguka nyuma ya nyumba. Sikumwambia mtu. Nilimweka mchangani na bata wake. Nikasimama nyuma, jua usoni mwangu, nikatikisa kayamba. Hakugeuka. Nikaita jina lake. Nikaita kwa nguvu. Kisha nikachukua jembe na chuma nikapiga. Mbuzi wa jirani akakata kamba. Wanawake wakatoka majumbani kuuliza kuna nini. Salmini alikuwa anazungusha gurudumu.

Nilimkaribia nikamshika bega. Akageuka, akaniona, akacheka kama vile ndiyo kwanza nafika kutoka safari.

Bibi, mara nyingi nilimwita akawa haji, nikasema mkaidi.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameona yote. Alirudi barazani nikamsikia akimwambia mgeni, "Kunywa chai yako baba, umalize, kisha nenda. Kazi hapa hakuna." Mgeni akalalamika kuhusu safari yake. Mama akamwongezea andazi moja akamsindikiza.

Jumatatu tunampeleka hospitali. Simu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya salfa.

Mkwe wako,
Ashiru


Chiungutwa
31 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Tumerudi. Masasi walitutuma hospitali kubwa, huko wana chumba kidogo kimefunikwa kuta zake, kimya mpaka unasikia tumbo lako. Daktari alimpakatisha Mama mtoto, akapiga sauti mbalimbali za mashine, akimtazama macho. Tulikaa muda mrefu.

Koo lake zima. Kimeo chake, daktari alimmulika akasema ni kama cha mtu yeyote.

Masikio, Bibi, hukupatia yote. Si kwamba hasikii kabisa. Sauti nzito kama za ngoma kubwa zinamfikia kidogo, kama zinatoka kijiji cha pili. Sauti nyembamba hazimfikii. Kayamba yako hajaisikia hata siku moja. Sauti yangu pia, sehemu kubwa haimfikii. Wameandika jina lake kwa ajili ya vifaa vya kuvaa masikioni, vikija vitamsaidia kiasi, si kwa yote. Wakati tunangoja tuseme naye uso kwa uso, na tutumie mikono. Kuna mwalimu ametuonyesha ishara za kula, maji, lala, njoo. Mama amezishika zote siku ile ile. Mimi nimeshika mbili.

Nilimuuliza daktari kama nilichelewa. Akasema miaka miwili si kuchelewa sana, angefika akiwa na sita ndiyo ingekuwa shida kubwa.

Ashiru hajambo. Mimi sijui. Nilijikaza mpaka tukashuka kwenye gari, ndipo nikalia pale barabarani. Bibi, nimemwimbia miaka miwili. Zile nyimbo zote za kumlaza, ulizonifundisha wewe. Nilikuwa namwimbia nani?

Rahima


Mkunya
4 Septemba 2024

Rahima,

Nijibu kama ulivyomjibu Abrahamu ya kitanda. Ulipokuwa unamwimbia, alikuwa wapi?

Mgongoni. Kifua chake kimebanwa kwenye mgongo wako kwa kanga, shavu lake kwenye bega lako. Sasa chukua ndoo tupu, ikumbatie, imba ndani yake, uone mikono yako inaambiwa nini.

Yule anayelaza shavu sakafuni kumfuata bata wa mbao, unadhani wimbo wa mama yake ulimpita? Mbebe leo. Imba kwa sauti nzito, kama unavyokoroma. Acha kulia barabarani, watu watasema Ashiru anakupiga.

Kwamba sauti nzito zinamfikia sikulijua. Daktari amefanya vizuri kunisahihisha, mwambie nimesema. Kayamba niliifanya ya sauti nyembamba mno, kokoto ndogo. Abrahamu amenipa kipande cha mninga alichokuwa akikificha tangu babu yako yu hai. Nachonga kigoma.

Ninakuja nacho mwenyewe. Nitakaa mpaka nichoke. Nataka kumtazama mume wangu kwa macho yangu, nimechoka kumtazama kwa macho yako. Mwambie Mama Ashiru ninakula pilau yake tena, na safari hii sitanyamaza.

Somoe


Chiungutwa
10 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Korosho zinaanguka na sisi tunaziokota, mgongo hauna mwenyewe. Tangu uondoke nyumba imepoa. Mama anasema kwa sababu hakuna wa kubishana naye. Anasema pia mikono haichoki kama mdomo, ingawa mimi sijaona mdomo wake umepumzika. Juzi nilimkuta anagombana na Salmini juu ya embe, mikono mitupu, wote wawili wamenuna. Salmini ndiye aliyeshinda. Na Mama anaomba bata kwa ajili ya mjukuu wake wa Nachingwea, lakini nisikuambie ni yeye aliyeomba.

Kigoma anakikalia. Anapiga huku amekikalia, asitake kushuka hata kula.

Ila nilichokaa kukuandikia ni hiki, kinanishangaza, nataka ukichunguze wewe unayependa kuchunguza.

Jumatano nilikuwa naye barabarani, Noah ya Christopher ikapita. Haikuwa na mzigo wetu. Salmini alipoiona akasimama. Akafungua kiganja cha kushoto, akakisugua kwa cha kulia, akasugua, akasugua, halafu akanitazama. Nikadhani anawashwa. Nikamwangalia mkono, hauna kitu. Nikaosha. Nyumbani akaniongoza kwa kidole mpaka pale uani ulipokuwa unatandika mkeka wako, mahali ulipokuwa ukisugua mti kwa majani ya msasa naye amekushikia upande wa pili. Mkeka haupo. Akasimama pale patupu, akasugua kiganja, akanitazama, akangoja.

Hiyo katika ishara za mwalimu haimo. Hakuna aliyemfundisha.

Bibi, anakuita wewe. Ametengeneza jina lako mwenyewe. Neno la kwanza la mwanangu, na si "mama". Nimefurahi, na nimekuonea wivu kidogo, mke mwenzangu.

Rahima


Mkunya
16 Novemba 2024

Rahima,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikaenda uani nikafungua kiganja changu cha kushoto nikakisugua, nione nikoje.

Abrahamu akanikuta. Siku hizi ni msimu, amekunywa uraka wake wa mabibo, miguu inamtafuta. Akasema, "Mama Dadi, mti uko wapi? Unasugua nini?" Nikamwambia, najiita.

Hakucheka. Naye akafungua kiganja, akanijaribu. Ana viganja vibaya kama magome lakini nilijijua.

Sasa wewe na wivu wako. Mtoto kaniita, wewe ukamwosha mikono! Mtoto akiita hujibiwa, hata kama anayeitwa yuko Mkunya. Na unasema neno la kwanza halikuwa lako. Umetazama? Mtazame anapoamka kabla hujamfikia, mikono yake inafanya nini. Mtazame Ashiru akimbeba naye hataki, anaelekeza nini kwako. Nina hakika unalo jina, tena la zamani kuliko langu, ila hukujua kama ni jina. Nililiona moja nilipokuwa hapo nikadhani ni mchezo. Sikuambii. Tafuta mwenyewe, kisha uniandikie anachofanya. Usiandike "amefurahi".

Bata wa Nachingwea yuko tayari. Mwambie Mama Ashiru kwamba huyu nimemchonga bila kuombwa na mtu.

Noah inashuka tena Jumamosi ijayo na mimi nimo ndani, kiti cha mbele, nimeshamwambia Christopher. Usimwambie Salmini kwamba ninakuja. Mwonyeshe. Nenda naye barabarani, fungua kiganja cha kushoto, sugua kwa cha kulia, halafu elekeza kidole upande wa Newala, mngoje.

Somoe